Gitaa Langu na Fundi wa Ughaibuni

Gitaa langu lilipasuka usiku, mwishoni mwa Januari 2019, nikiwa nimelala chumba kimoja nalo nyumbani kwa binti yangu katika mji wa Minneapolis, Marekani. Nilisikia mlio mmoja mkavu, kama kijiti cha kuni kinachovunjiwa gotini, nikadhani ni kitanda. Asubuhi nikaona ufa mwembamba umeanzia chini ya daraja, pale nyuzi zinapofungiwa, ukateremka mpaka ukingoni, mrefu kama kiganja changu. Nilikuwa nimeliegemeza ukutani, hatua mbili kutoka kwenye tundu linalotoa hewa ya moto, nikidhani nalifanyia hisani. Wiki ile kipimajoto kilishuka hadi nyuzi 33 chini ya sifuri. Wapenzi wa lugha mtaniwia radhi nikisema kwamba hapo ndipo nilipoiona ajabu ya neno hili: nyuzi za baridi zilikuwa 33, nyuzi za gitaa 6, na zile nyingi zikazishinda zile chache.

Nililinunua gitaa hilo mwaka 1983 mjini Tanga, miaka miwili baada ya kutoka Chuo cha Ualimu, kwa mshahara wa miezi miwili na deni dogo juu yake. Halikuwa na jina la mtengenezaji. Karatasi yake ya ndani ilikuwa imekwisha kuliwa na mende. Tanga ilikuwa mji wa magitaa. Jamhuri Jazz na Atomic Jazz walikuwa wametuachia nyimbo zao, na vikundi vya taarabu, Black Star na Lucky Star, vilikuwa vimekwisha kuonyesha kwamba gitaa laweza kuketi kwenye taarabu bila mtu kuona haya. Mimi sikuwa mpigaji wa kusifiwa. Nilikuwa mwalimu wa Kiswahili, na gitaa lilikuwa chombo changu cha kufundishia ushairi. Kidato cha pili walikuwa wakihesabu mizani kwa vidole na bado wanakosea. Nikaanza kuwapigia uzi mmoja kwa kila silabi, nane za ukwapi, kimya kidogo, kisha nane za utao. Aliyeharibu mizani alijisikia mwenyewe kabla sijamwambia, maana mlio ulibaki bila silabi, au silabi ikabaki bila mlio.

Marehemu mke wangu aliliita gitaa hilo mke mwenza. Alilifuta vumbi kila Ijumaa, akisema kwa mzaha kwamba hata mke mwenza ana haki ya kuogeshwa. Alipofariki mwaka 2016 nilikaa karibu mwaka mzima bila kulishika. Nilipoitwa huku kuja kusaidia kulea wajukuu, niligawa vitabu, niligawa viti, nikakataa kuliacha hilo tu.

Nyumbani kwetu fundi hatafutwi, fundi anajulikana. Unamjua kwa sababu alimtengenezea jirani, na jirani alilalamika au hakulalamika, na mke wa fundi anauza vitumbua mahali unapopita kila siku. Fundi akikudhulumu, mji mzima una namna ya kumwuliza. Daraja la gitaa langu lilipobanduka mara ya kwanza, mwaka 1991, nililipeleka kwa seremala mmoja wa Ngamiani, mtu wa milango na vitanda, ambaye wapiga ala wa mjini walikuwa wakimwendea kimyakimya. Alichonga daraja jipya kutoka kwenye mchi wa mpingo uliopasuka, mchi ambao nyumba fulani ilikwisha kuutwangia kisamvu miaka mingi. Na kwa kile kipande kinachokaa juu ya shingo na kuzipa nyuzi nafasi zake, alichonga mfupa wa ng'ombe uliotoka kwenye supu. Alikiita kizingiti, na mimi sijapata jina bora zaidi. Alikataa fedha. Alitaka nimfundishe mwanawe kuandika insha.

Katika mwaka wangu wa mwisho kazini niliwaonyesha wanafunzi kwamba fundi, fundisha, funza, mafunzo na mwanafunzi ni ndugu wa tumbo moja, wote wana wa kitenzi kile kile, funda. Nilikuwa nikijigamba kwamba mimi na seremala tuna jina la ukoo mmoja. Sasa, katika mji wenye theluji hadi magotini, nilimhitaji ndugu yangu huyo wa jina na sikujua pa kuanzia. Kwa kukosa la kufanya, nikafanya lile nilijualo. Nikaandika ubeti nikautuma kwenye kundi letu la washairi la WhatsApp:

Gitaa langu mgeni, baridi imekukuta,
U mzoefu wa pwani, na hewa yenye mafuta,
Leo umo barafuni, ufa umekufuata,
Nikupeleke kwa nani, akushike bila tata?

Nilijibiwa siku ile ile. Mmoja alinipa beti tatu za pole, mwingine akanisahihisha, akisema kina cha ndani kingependeza zaidi kama nisingekirudia katika kituo. Hakuna aliyenipa anwani ya fundi.

Basi nikaenda duka kubwa la ala za muziki, ambalo sitalitaja. Kijana wa kaunta alilipokea gitaa kwa mkono mmoja, akalilaza juu ya mengine, akanipa karatasi yenye namba. Hakuchungulia ndani wala hakuniuliza ufa ulitokea lini. Nilipotaka kuuliza nani hasa atakayelishika, alinionyesha mlango wa nyuma kwa kidevu. Hapo ningelichukua gitaa langu niondoke. Sikuondoka, kwa sababu mgeni huogopa kuonekana mgumu, na kwa sababu Kiingereza changu, ambacho kilinitosha miaka yote ya kazi, hakikuwa na jina la kiungo hata kimoja cha gitaa. Nilikuwa nikisema "hapa" na "pale" kwa kidole, kama mgonjwa asiyejua lugha ya daktari.

Baada ya wiki tatu nililikuta limekwisha. Kwa macho, kazi ilikuwa nzuri. Ufa ulikuwa haupo na juu yake pamepakwa rangi inayong'aa kama sahani. Nikapitisha kidole shingoni, nikagusa kitu laini kigeni. Kizingiti cha mfupa kilikuwa kimeondolewa, pamewekwa cha plastiki nyeupe. Nikauliza kile cha zamani kiko wapi. Kimetupwa, nikaambiwa, na hiki ni bora. Nililipa dola 95. Binti yangu alikasirika kweli: "Baba, kwa nini umelipa?" Nikamwambia nimelelewa kumlipa fundi kwanza na kumlaumu baadaye. Tulirudi nyumbani ndani ya gari bila kusemezana. Nilikuwa nikihesabu kwamba mfupa ule ulikaa pale miaka 28, na kila niliposhika gitaa mbele ya mke wangu, nyuzi zilipita juu yake.

Siku ya tisa ufa ulifunguka tena, pembeni mwa gundi, mrefu kuliko wa kwanza.

Aliyeniokoa ni mpiga gitaa mmoja wa Bukavu niliyemkuta akitumbuiza arusini. Magitaa ya Wakongo yanafanya kazi ngumu. Nikafikiri, mtu anayecheza rumba saa sita mfululizo lazima awe na fundi. Nikamngoja apumzike, nikamsimulia. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Mzee, iko mutu moja kule Saint Paul. Anasemaka kidogo, anatumikaka mingi." Wasomaji wa ukurasa huu wanajua nilivyotumia wino mwekundu maishani mwangu. Siku ile ningempa alama zote.

Fundi huyo anafanyia kazi katika chumba cha chini ya nyumba yake, ng'ambo ya mto Mississippi. Aliponifungulia mlango alikuwa ananawa mikono, akaendelea kunawa, akajifuta, ndipo akalipokea gitaa kwa mikono miwili. Alililaza juu ya zulia dogo, akapitisha kioo na taa ndogo katika tundu la kifua, akawa anatazama. Alitazama labda dakika ishirini. Mimi nilikaa kwenye kigoda nikingoja sentensi ninayoijua. Kila fundi wa kwetu, awe wa bomba, wa cherehani au wa pikipiki, huanza kazi kwa kumtukana aliyemtangulia: "Nani huyu aliyekuharibia?" Ni kama bismillahi ya ufundi. Nami safari hii nilikuwa na kiu nayo. Nilitaka mtu anisaidie kulitukana lile duka.

Hakulitukana. Aligusa ile rangi inayong'aa akasema, "Huyu alikuwa na haraka." Akasogeza kidole kwenye daraja, akalipapasa kingo zake zote, akasema, "Na huyu hakuwa na haraka." Kisha akaniuliza mti ule umetoka wapi.

Nilimweleza habari ya mchi. Alicheka mpaka akavua miwani. Alikuwa na kipande cha mpingo kabatini, kidogo kama mche wa sabuni, alichokinunua kwa bei ya kutisha. Kwao mti huo unajulikana kwa zumari zile ndefu nyeusi za okestra, klarineti, na mafundi wa magitaa wanautamani. Akaniuliza pia kama nilipata taabu mpakani, maana tangu mwaka 2017 jamii yote ya miti iitwayo Dalbergia, mpingo ukiwamo, imewekwa chini ya mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini. Sikupata taabu yoyote. Hakuna afisa wa forodha aliyewahi kufikiri kwamba mwalimu mstaafu wa Tanga amebeba mchi.

Nilimwuliza amejifunzia wapi. Akaniambia ni Red Wing, mji mdogo kando ya mto huo huo, ambako kuna chuo cha umma kinachofundisha utengenezaji wa magitaa na ukarabati wa fidla. Nilifurahi kuliko nilivyoonyesha. Mtu wa chuo cha ualimu hupumua akisikia kwamba mwenzake naye alifundwa, akakosea mbele ya mwalimu, akasahihishwa. Nami nikamlipa kwa kile nilichonacho. Yeye hujiita kwa jina la Kifaransa, luthier. Nikamwambia kwamba jina hilo limetokana na luth, na luth imetokana na Kiarabu, al-ʿūd, na kwamba hiyo al-ʿūd ndiyo udi wetu unaopigwa Zanzibar mpaka leo. Kwa hiyo yeye, pale Saint Paul, ni fundi wa udi hata kama hajawahi kuushika. Aliliandika neno "udi" kwa penseli juu ya ubao wa kazi. Lilikuwapo bado mara ya mwisho nilipokwenda.

Halafu akanishauri nisimpe kazi. Alisema itagharimu dola 240, na kwa fedha hizo ningepata gitaa jipya lenye sauti safi zaidi. Sokoni hili halifiki hata nusu ya hapo. Akanyamaza. Nikamwambia habari ya mke mwenza. Akachukua daftari akaandika kila kitu alichopokea: vikazio sita, daraja moja la mpingo, nyuzi sita zilizochakaa, na kwenye mstari wa kizingiti akaandika, nami nikiona: mfupa wa asili, haupo. Akapiga picha. Akasema chochote atakachokitoa, hata kiwe chembe ya gundi, kitarudi kwangu ndani ya bahasha.

Kazi yenyewe ilianza kwa kutofanya kazi. Alilitia gitaa ndani ya sanduku pamoja na sifongo mbichi na kipima unyevu, akaniambia nirudi baada ya wiki tatu. Alinieleza sababu kwa subira. Mti wa kifua cha gitaa hunywa na kutoa unyevu kama vile sisi tunavyovuta pumzi, na ukikauka husinyaa kwa upana, si kwa urefu. Ndani yake kuna miti mingine myembamba iliyogandishwa kuukingama. Hiyo haisinyai upande huo, kwa hiyo kifua kinavutwa na hakina pa kwenda. Gitaa linataka unyevu wa asilimia 45 hadi 55. Ndani ya nyumba ya Minnesota wakati wa baridi, jiko la kati likiwaka mchana na usiku, unyevu waweza kushuka chini ya 20. Ndiyo maana hata vyuma vyembamba vya shingoni vilikuwa vimeanza kunikwaruza vidole. Shingo yenyewe ilikuwa imesinyaa ikaviacha vimechomoza. Kosa la lile duka lilikuwa kuuziba ufa mti ukiwa na kiu. Ukimpa maji kwanza, alisema, atakuonyesha mwenyewe jeraha ni kubwa kiasi gani. Na kweli, niliporudi, ufa ulikuwa umejifumba peke yake kiasi kwamba nilihitaji taa kuuona. Hapo ndipo alipotia gundi, na kwa ndani akabandika viraka vidogo vya mti, vinene kama kucha, kimoja baada ya kingine kuukingama ufa.

Mwezi wa Aprili alinipigia simu. Si desturi yake kupiga simu. Alisema daraja lilikuwa limeanza kunyanyuka kwa nyuma, akalazimika kulibandua ili aligandishe upya, na chini yake kuna maandishi ambayo hawezi kuyasoma, wala hataki kuyafunika kabla sijayaona. Binti yangu alikuwa kazini. Nilipanda mabasi mawili.

Daraja lilikuwa limelazwa kifudifudi juu ya kitambaa. Kwenye tumbo lake jeusi palikuwa na herufi zilizokwaruzwa kwa ncha ya msumari, na gundi ya zamani imejaa ndani yake, kwa hiyo zilionekana kama wino wa rangi ya asali. Nilivaa miwani. Yalikuwa maneno manne, mahali na mwaka: "Fundi, tumia moto mdogo. Ngamiani, 1991."

Kwa muda sikuweza kutafsiri. Miaka 28 nilikuwa nikidhani seremala yule alinitengenezea mimi. Naye, alipokuwa akilifunga daraja, alikuwa akizungumza na mtu mwingine kabisa, mtu ambaye hakumjua, atakayelifungua siku moja. Akamwita fundi bila kumwona, akamwachia ushauri. Gundi aliyotumia ilikuwa ile ya kuchemsha, inayotokana na ngozi, ambayo huachia kwa joto na unyevu kidogo bila kung'oa nyama ya mti. Moto mwingi ungeunguza kifua.

Nilipomweleza maana yake, fundi wa Saint Paul alikaa chini. Akanionyesha kisu chake butu cha bapa na kitambaa chenye maji. Alikuwa amelipasha joto daraja lile karibu saa nzima, kidogokidogo, mpaka likaachia lenyewe. Akaniuliza, mtu akitaka kujibu kwamba amefanya hivyo, kwa Kiswahili atasemaje? Nikamwandikia kwenye karatasi: "Nimetumia." Akaomba ruhusa yangu. Kisha akakwaruza chini ya mstari ule, akinakili herufi moja moja kama mtoto wa darasa la kwanza, ulimi ukiwa nje: "Nimetumia. Saint Paul, 2019." Herufi ya m aliipa mguu mmoja zaidi. Sikumsahihisha.

Gitaa nililichukua wiki iliyofuata. Kizingiti kipya ni cha mfupa, kizuri, kimechongwa kwa uangalifu, lakini uzi mwembamba kabisa sasa unalia kwa ukali kidogo kuliko zamani, na mimi nausikia kila siku. Bahasha ninayo mkobani: chembe za gundi, kile kizingiti cha plastiki, nyuzi za zamani zilizokunjwa duara, na nakala ya ule ukurasa wa daftari. Mkoba wenyewe una sifongo ndani, na mjukuu wangu ndiye anayekumbuka kuilowesha.

Mwaka huu narudi Tanga. Yule mtoto wa seremala, niliyemfundisha insha, ni mtu mzima mwenye wanawe, na nimepata namba yake ya simu. Sijampigia. Daraja limekwisha kugandishwa mahali pake na maandishi ya baba yake yamefunikwa tena. Ninayo picha tu, na ningependa nimwonyeshe mkono kwa mkono.